Nunua Kile Ambacho Mgeni Hataleta

Juzi mjukuu wa dada yangu, ambaye yuko karibu kujifungua, alinionyesha kwenye simu orodha ya vitu vya kumnunulia mtoto. Alishusha kidole, akashusha, akashusha tena, orodha haikwisha. Kulikuwa hata na kimashine cha kupasha moto kitambaa cha kumpangusia mtoto makalio. Nikamuuliza, "Huyu anazaliwa au anakuja kufungua hoteli?" Alicheka hadi akashika tumbo, nami nikaogopa asije akajifungulia kwenye kochi langu.

Akasema, "Bibi, si wewe uliuza nguo za watoto maisha yako yote? Andika basi, na sisi tujue."

Haya, naandika. Kalamu na mimi hatukukaa sana darasani pamoja, mtanivumilia.

Kazi yangu ilikuwa chaguwa za watoto. Kigali nguo za mitumba tunaziita hivyo kwa sababu zinamwagwa chini na wewe unachagua. Nilianza mwaka wa tisini, nina miaka kumi na tisa, katika soko kuu la mjini, nikitokea kwetu mtaa wa Gitega kila asubuhi na mzigo kichwani. Meza yangu ilikuwa mbao tatu na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Lakini kichwani mwangu nilikuwa na duka lenye kioo kirefu mbele, na nyuma ya kioo mwanasesere amevaa gauni, na mimi nikiufuta ule mkono wake wa plastiki kila asubuhi. Kioo hicho sijakipata mpaka leo. Ila nilikifuta vumbi sana, kichwani.

Meza ya kushoto ilikuwa ya Mama Hadija, mzaliwa wa Biryogo, mama wa makamo aliyeuza vitu visivyo na sura: shuka kuukuu, taulo, blanketi. Mimi nilikuwa naimba bei, nacheza, namvalisha mteja kofia. Yeye hakusifia kitu hata siku moja. Mteja akiuliza, "Mama, hii ni nzuri?" yeye anajibu, "Ni shuka." Na wananunua! Nilikuwa siuelewi uganga huo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alisema nguo ya mtoto usiiangalie, ishike. Igeuze ndani nje, maana ndani ndiko kunakogusa ngozi. Mshono mgumu kwako ni mkwaruzo tu, kwa mtoto ni kidonda. Mpira wa kiunoni uvute karibu na sikio. Ukilia kama majani makavu, huo umekufa, nguo itamdondoka. Kifungo kivute kwa nguvu zako zote, kwa sababu mtoto atakivuta kuliko wewe kisha atakimeza. Halafu nusa. Harufu ya dawa ya nondo inaondoka kwa jua la siku mbili. Harufu ya ukungu haiondoki, hata ukiifulia maji ya Zamzam. Ukifika nyumbani chemsha, anika, piga pasi ya makaa ndani na nje, hasa kwenye mishono, kwa sababu inzi naye anapenda kutaga mayai kwenye nguo iliyoanikwa. Hayo yote bado ni kweli leo. Simu haijayabadilisha.

Lakini jambo kubwa hakunifundisha kwa maneno matupu. Nililijua kwa kosa langu mwenyewe, na kosa hilo lilikuwa na jina: Verediana.

Alikuja siku ya balo, yaani siku tunapokata kamba za furushi jipya, mwaka wa tisini na moja, mvua kubwa zikikaribia. Alikuwa na umri wangu, mimba ya kwanza imefika mwezi wa nane, miguu ina vumbi jekundu. Alikuwa ametoka Kagarama, ambako wakati huo kulikuwa migomba na nyumba za kuhesabu. Kwenye ncha ya kitenge chake alikuwa amefunga fundo la pesa, kubwa kama yai.

"Dada, iko nguo za mtoto mchanga?"

"Ziko tu? Mama, leo umeamkia upande wa bahati! Njoo huku, usiogope, shika!"

Akafungua fundo lile pole pole. "Ni mbuzi," akaniambia kwa sauti ndogo. "Baba alinipa mbuzi, akasema huyu ni wa mtoto, msimle. Mume wangu ameuza jana."

Wanangu, mimi nilisikia "mbuzi" nikaona kioo cha duka langu. Nilimtolea sweta zenye picha ya bata. Nilimtolea viatu vya uzi, kila kimoja hakizidi kidole gumba. Kofia tatu, soksi, koti lenye masikio ya sungura. Mwisho nikatoa gauni jeupe lenye marinda, na ua la njano kifuani. Verediana alilishika kama mtu anayeshika maziwa yaliyojaa hadi ukingoni.

"Na kama ni kijana?"

"Mtoto hajui!" nikamwambia. "Mtoto anajua kupendeza tu!"

Alichukua vitu kumi na vinne. Alipunguza hata nauli ili aongeze kofia ya tatu, akaondoka kwa miguu akiimba. Mimi nilikuwa nacheza pale nyuma ya meza. Nilikuwa sijawahi kuuza hivyo kwa mtu mmoja.

"Wewe Zaina," Mama Hadija akaita bila kugeuka.

"Naam, mama."

"Yule mke wa watu umemuuzia nini?"

"Vitu kumi na vinne!"

"Nepi ngapi?"

"Hakuuliza nepi."

"Mimba ya kwanza haiulizi. Anayeuza ndiye anauliza." Akaweka chini shuka aliyokuwa anaikunja. "Amebaki na pesa ngapi?"

"Hajabaki na kitu. Amerudi kwa miguu."

Sasa Mama Hadija aligeuka. "Mbuzi mzima," akasema, "umemgeuza viatu vya mtu asiyejua kutembea."

Nilitaka kucheka, nikaona yeye hacheki. Akaniuliza, "Kwenu mtu akijifungua nani anakuja?"

"Kila mtu, mama." Hiyo ni desturi ya nchi hii, ninyi mnaijua, wanaiita guhemba: watu wanakuja kumpongeza mzazi, na hakuna anayekuja mikono mitupu.

"Wanaleta nini?"

"Unga wa mtama wa uji. Sukari. Maziwa. Sabuni. Nguo za mtoto."

"Nguo kubwa au ndogo?"

"Ndogo. Zile za kupendeza."

"Umewahi kumwona shangazi wa mtu anapanda mlima na nepi kichwani? Au karatasi ya plastiki ya kutandika chini ya mtoto? Au pesa ya gari la kumpeleka mama kujifungua?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi yule mtoto atakuwa na nguo thelathini za wiki tatu, na hana cha kumfunga chini. Na mvua inaingia. Zaina, mwenye pesa kidogo ananunua kile ambacho mgeni hataleta. Kile ambacho mgeni ataleta, anangoja mgeni."

Huo ndio msemo nilioutumia maisha yangu yote, na siku ile uliniingia kama mwiba. Sheria ya soko letu ilikuwa moja: chaguwa hairudi. Ukishanunua umenunua. Hakuna mtu angenilaumu, hata Verediana mwenyewe. Lakini mbele ya macho yangu niliona lile fundo la kitenge linafunguliwa, na ile sauti ndogo: ni mbuzi.

Sehemu kubwa ya zile pesa ilikuwa imeshakwenda kwa mwenye balo. Nilichokuwa nacho nyumbani ni shuka mbili za pamba, pana, nilizochagua mwenyewe katika balo nikaziweka sandukuni kwa ajili ya harusi yangu. Mchumba nilikuwa bado sina, lakini shuka zilikuwa tayari. Nilizileta sokoni nikamwomba Mama Hadija mkasi.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Mama, kata wewe. Mimi nitafumba macho."

Alikata. Shuka moja pana inatoa nepi kumi na mbili, ukikata vipande vya mraba na kuacha nafasi ya kukunja ukingo. Na shuka iliyofuliwa miaka mingi ndiyo bora kuliko kitambaa kipya cha dukani, maana imeshalainika na inanywa maji vizuri. Kitambaa kipya kinang'aa tu, mkojo unapita juu yake kama mvua kwenye jani la mgomba. Tulikunja na kushona pindo siku nne, kati ya mteja na mteja. Nepi ishirini na nne. Nilipouliza kwa nini nyingi hivyo, Mama Hadija akasema nepi hazihesabiwi kwa mtoto, zinahesabiwa kwa mvua. Kiangazi kumi na mbili zinatosha, mwezi wa nne kumi na mbili zote ziko kwenye kamba zimelowa.

Jumapili nikaenda. Nilishuka Kicukiro nikatembea, nikiuliza kila mtu: mama mjamzito, aliyenunua nguo nyingi juzi. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifikisha. Kagarama nzima ilishajua habari ya zile nguo.

Verediana alikuwa ametundika kamba ndani ya nyumba, na vitu vyote kumi na vinne viko juu yake kama bendera za sherehe. Jirani walikuwa wanakuja kuangalia. Mume wake, Sitefano, alikuwa anabeba matofali kwenye ujenzi, kijana mrefu mwenye mapengo mawili na utani mwingi. Sitefano aliuawa mwaka wa tisini na nne. Katika habari hii bado yuko, na anacheka, mwacheni hapo.

"Karibu," akasema. Aliponiona na furushi akarudi nyuma. "Dada, sisi tulilipa. Hatukuiba."

"Najua. Mimi ndiye niliyekosa." Nikawaeleza yote, hata yale maneno ya viatu vya mtu asiyetembea. Sitefano akacheka kwa kishindo.

"Mtoto wangu atatembea siku ya pili! Baba yake ana miguu hii!"

Lakini Verediana hakucheka. Alisimama mbele ya kamba, mikono nyuma, kama anayezuia mlango.

"Umekuja kuchukua nguo zangu."

"Nimekuja kubadilisha, mama. Nepi ishirini na nne, plastiki ya kutandika, na hizi faranga kidogo nilizobaki nazo, za gari la siku ile."

"Oya, hapana. Zako hizo ni shuka zimekatwa." Machozi yakaanza. "Wewe unakaa sokoni, kila siku unashika vitu vizuri. Mimi sijawahi kununua kitu kizuri kwa mkono wangu. Nikikupa hizi, jirani watasema nini? Kwamba nilimpeleka mbuzi wa baba sokoni, nikaletewa matambara?"

Nilikuja nikidhani nina zawadi, kumbe nilikuwa navunja kioo cha duka la mtu. Nikakaa chini kwenye mkeka. Nikamwambia ukweli mwingine ambao Mama Hadija hakunituma: kwamba zile zilikuwa shuka za harusi yangu, na kwamba nililia zilipokatwa, na kwamba mimi pia nina duka la kioo ambalo halipo.

"Una mchumba?" akauliza, akifuta pua.

"Sina."

"Na shuka unazo!"

"Ninazo. Nilikuwa nazo."

Hapo akacheka, na Sitefano naye, na mimi. Kisha Verediana akageukia kamba yake, akaanza kutoa nguo moja moja, polepole. Sweta za bata. Sungura. Viatu. Alipofika kwenye lile gauni jeupe mkono wake ukasimama.

"Hilo baki nalo," nikasema. "Mtu hawezi kula ugali mtupu kila siku."

Akalikunja, akaliweka chini ya mto. Sitefano akashika nepi moja, akaipima kwenye shavu lake. "Haya," akasema, "mbuzi amerudi zizini. Kwetu umebaki mkia mweupe tu, hilo gauni."

Mtoto alitangulia kuja, siku kumi tu baadaye. Uchungu ulianza saa sita mchana, Sitefano akatoa zile faranga kwenye kopo, akasimamisha pikapu. Kisha mvua ikanyesha siku tano bila kupumzika. Verediana aliniambia kwamba siku ya nne alibaki na nepi mbili kavu, na alinikumbuka kwa jina. Mbili tu! Ningempelekea kumi na mbili ingekuwaje?

Siku ya nane waliniita kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina. Wageni walijaa hadi uani, na Sitefano alisimama katikati akihesabu kwa sauti kama mnada: kofia sita, sweta tisa, soksi hazina idadi. "Nepi?" akauliza. "Nani ameleta nepi?" Watu wakatazamana. Watoto wa jirani walipokuwa wanapendekeza majina, kama desturi, mmoja akasimama akasema, "Aitwe Nepi!" Walicheka hadi bakuli la uji likamwagika. Aliitwa Mugisha. Alikuwa kijana, na gauni likabaki chini ya mto.

Tangu hapo walianza kuja kwangu wanawake kutoka Kagarama, na hata Masaka, nje ya mji, wakiuliza yuko wapi yule msichana anayeuliza. Nilikuwa simuuzii mjamzito kitu bila kumwuliza: una nepi ngapi, utajifungua mwezi gani, nguo za miezi mitatu unazo, pesa ya gari imefichwa wapi, na mume anaijua? Wengine walinunua vitu vichache kuliko walivyokusudia, wakarudi mara tatu. Soko zima likanipa jina: Nepi Ngapi. Nimeitwa majina mengi, hilo ndilo ningependa waliandike kwenye kaburi langu.

Sasa nijicheke mwenyewe, maana mwaka wa tisini na tatu nilipata mume, na mimba. Nilijitayarisha kama askari. Nepi thelathini na sita. Plastiki mbili. Beseni, termosi ya uji, pesa ya gari kwenye kopo. Nguo za mtoto sikununua, nilijua zitaletwa. Nilikuwa nimejiwekea tu sweta mbili katika balo, basi. Siku mbili kabla ya kujifungua akaja mama wa mapacha, mvua imemnyeshea, hana kitu. Mnanijua. Nilimpa zile sweta, pamoja na kila kilichokuwa mezani.

Binti yangu akazaliwa. Wageni wakaja, na wakaja, na wakaja. Unga wa mtama. Sukari. Sabuni. Maziwa. Mkungu wa ndizi. Nguo? Hata soksi moja! Kila mmoja alikuwa amejiambia, nani ampelekee mwenye ng'ombe maziwa? Zaina si anauza nguo?

Ikafika siku ya jina, mtoto wangu amefungwa nepi safi, iliyopigwa pasi, na juu amezungushiwa kitenge changu kuukuu. Mama Hadija, aliyeketi kwenye kiti cha heshima, alikuwa anakaribia kukatika mbavu.

"Nepi Ngapi amezaa!" akapiga kelele. "Jamani, nguo ngapi?"

"Mama, nionee huruma."

"Mwuza nguo na mtoto uchi! Nitawahadithia hadi Nyamirambo!"

Nilicheka naye, lakini mnajua mzazi wa siku chache, machozi yako karibu. Nilimtazama mwanangu kwenye kile kitenge, nikaona haya. Mimi niliyewavisha watoto wa watu wote.

Ndipo pale mlangoni likaingia kapu, na chini ya kapu Verediana, Mugisha mgongoni. Walikuwa wametoka Kagarama asubuhi. Akatua kapu: unga, kama wengine. Kisha akaingiza mkono chini ya unga, akatoa kitu kimefungwa kwenye karatasi. Gauni jeupe la marinda, limefuliwa, limepigwa pasi ndani na nje, ua la njano bado liko kifuani.

"Wanasema chaguwa hairudi," akasema.

Mama Hadija akaacha kucheka. Akanyoosha mkono, akageuza gauni ndani nje, akapapasa mshono, akavuta kifungo. Nikangoja aseme, "Ni gauni."

"Ni zuri," akasema.

Nilimvalisha binti yangu. Lilimzidi, mikono ikining'inia, ua likamfika tumboni. Verediana akainama, akainua rinda kidogo, akatazama chini yake kama mkaguzi.

"Nepi moja tu hii?"

"Nyingine thelathini na tano ziko kwenye kamba."

"Sawa," akasema, akalishusha rinda na kulinyoosha kwa kiganja. "Sasa mtoto anaweza kuitwa jina."